Birika la Kunawisha Mikono

Tshopo, 6 Oktoba 2025

Mwanangu Malika,

Salamu nyingi. Homa imekuacha? Huku tuko wazima, ila goti langu bado linanisumbua. Jana nilipofika hapo kituoni ulikofungwa ulikataa kutoka kuniona, mlinzi akachukua pondu, yale majani ya muhogo niliyokupikia, na mimi nikarudi na maneno yangu yote. Bon, nitaandika.

Utaachiliwa Ijumaa ya tarehe 31. Baba yako mkubwa Assumani anataka uingie usiku, kwa njia ya nyuma, majirani wasikuone. Nimekataa. Uliiba simu, ukafungwa, umemaliza. Nitakuja mchana na toleka, baiskeli ya kubeba abiria, na tutapita barabara kubwa.

Mama yako

Kituoni, 13 Oktoba

Mama mpenzi,

Pokea salamu zangu. Homa imeisha. Goti lisugue mafuta.

Usije. Nyumbani mimi ndiye niliyekuwa nikiwanawisha watu mikono kabla ya kula. Siku ya kukamatwa, baba mkubwa alininyang'anya birika mbele ya wageni: "Mikono yako iko ya wizi! Usiguse maji yangu!" Nitaenda Bunia kwa shangazi Hadidja. Sirudi kwetu kuwa mgeni.

Mtoto wako

Tshopo, 19 Oktoba

Malika,

Salamu utazikuta mwishoni, nina hasira. Bunia! Nyumba hii aliijenga baba yako, Mungu amrehemu.

Jana Assumani alileta sahani ya bati, eti wewe utakula pembeni, sisi tule kwenye sinia. Nikampakulia yeye humo. Nikamwambia, "Mwenye kuogopa mikono ya mutoto wangu, sahani yake iko hii." Sasa anakula barazani peke yake, amenuna.

Birika nimelifungia chumbani kwangu. Kila mtu ananawa mwenyewe bombani mpaka urudi. Ijumaa hiyo ya tarehe 31, saa sita mchana, nitakuwa mlangoni pa kituo. Usipotoka, nitakaa hapo hapo na goti langu bovu. Nakupenda, na hizo ndizo salamu.

Mama yako

Kituoni, 25 Oktoba

Mama,

Hujambo na hasira zako? Mimi mzima, nina njaa ya wali wako tu.

Njoo. Chukua toleka mbili, na barabara iwe hiyo hiyo kubwa. Baba mkubwa mrudishe kwenye sinia, sitaki ale peke yake kwa sababu yangu. Nitaanza kumnawisha yeye, mbele ya wote. Akificha mikono, nitabaki nimesimama na birika langu. Wali upoe, na asile mtu.

Mtoto wako, Malika