Mkono Ambao Gaëlle Hakuuinua

La Rochelle, Johannesburg
14 Julai 2024

Mpendwa Mama mdogo Marthe,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Goti linaendeleaje? Na baba mdogo Firmin, kile kikohozi kimemwacha? Huku baridi ni kali, lakini tunaamka.

Barua hii anakuletea Pitchou, anayerudi Bukavu. Sikutaka simu. Kwenye simu ningejitetea.

Ni kuhusu binti yako. Nilikuambia Gaëlle ameingiwa na kiburi: kwaya nzima inainua mikono miwili kumsifu Mungu, yeye anainua mmoja. Ukaapa hutazungumza naye mpaka atubu. Mama mdogo, nilikudanganya bila kujua, na sikujua kwa sababu sikutaka kutazama.

Unakumbuka mwaka jana alitolewa uvimbe shingoni. Kidonda kilipona vizuri, tukasahau. Kumbe mishipa ya fahamu iendayo begani na sikioni ilikuwa imeumia. Bega la kulia likaanza kushuka. Akaacha kuchana nywele za kisogoni. Siku moja hereni ilimchana ndewe, damu ikafika kwenye kola, naye hakuhisi kitu. Mimi nikamgombeza kwa kuchafua sare ya kwaya.

Aliniambia, "Yaya, dada yangu, mkono unakataa."

Nikamjibu, "Kinachokataa ni moyo wako."

Kisha tukamwombea. Akina mama wanne walimzunguka, na mimi, kiongozi wa kwaya, nikaushika mkono ule nikauinua kwa nguvu mpaka juu. Alipopiga kelele, nilisema roho ya kiburi inatoka.

Wiki iliyopita daktari alimwambia auinue taratibu kwa pembeni. Mfupa wa nyuma ya bega ukachomoza kama kifuniko kilichokaa vibaya kwenye sufuria. Daktari akaniuliza tunaishi pamoja tangu lini. Nikasema miaka mitatu, chumba kimoja.

Ameanza mazoezi. Huenda nguvu zikarudi, huenda zisirudi zote. Kila asubuhi namchana nywele. Hanilaumu. Anachouliza ni kama Mama amepiga simu.

Nakuomba umpigie. Usimwambie umemsamehe, maana hana kosa. Mwite kama ulivyomwita alipokuwa mdogo, halafu mwache aongee. Hasira niwekee mimi.

Nisalimie baba mdogo, Bibi Orpha na mdogo wetu Hénock. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Mwanao akupendaye, hata usipotaka kuniita hivyo kwa sasa,
Carmel