Meno ya Tairi la Nyuma

Idsowe, 28 Desemba 1998

Mwanangu Dawood,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute kichwa kimepoa na wanakupa chakula cha kueleweka huko hospitali Mombasa. Sisi huku ni wazima wa mwili tu. Saumu tunafunga, lakini daku nikiila haishuki.

Waliniambia nisikwambie mapema. Sasa wanasema unaongea vizuri, basi ujue. Mdogo wako Sadik alifia palepale barabarani. Risasi ya majambazi ilimpata shingoni, kisha wakamkata kwa panga kana kwamba risasi haikutosha. Nilimwona uso kabla hawajamfunika sanda, na tangu siku hiyo sina usingizi. Wewe walikuacha wakidhani umekufa, wakaondoka na pikipiki ya mradi wa chanjo.

Kaka yangu Dhadho alimleta Karisa, yule Mgiriama aliyekuwa akiwasaka majangili kwa nyayo zao. Pale mlipopigwa barabara ni mawe matupu, nyayo za watu hazikushika. Lakini pembeni, kwenye udongo mweusi, Karisa alikuta mstari mmoja wa tairi uliokauka vizuri. Anasema meno ya tairi la nyuma huelekeza pikipiki inakokwenda, na yale yalielekeza kwenye manyatta, boma la Dukicha, yule mfugaji Mworma. Akaufuata mpaka zizini kwake.

Unaijua desturi, yetu sisi wakulima na ya Waorma ni moja: nyayo zikiishia kwako, onyesha zilikotokea, ama mwizi ni wewe. Dukicha anaapa hakumwona jambazi yeyote. Ati mstari ule ni wenu wewe na Sadik, mlipotoka kwake asubuhi baada ya kuchanja ndama na kunywa maziwa. Dhadho akamcheka usoni. Mtu anatokaje huku tairi linaingia? Na Dukicha huyu ndiye aliyekula ubwabwa wangu wakati wa mafuriko, yeye na watoto wake!

Nijibu hilo moja: mlikuwa kwake siku ile? Wazee wamekataza damu mwezi huu mtukufu. Idi ikishapita hawatakataza.

Mama yako,
Mwanasha


Mombasa, 4 Januari 1999

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Habari za saumu, habari za mgongo wako? Mimi kichwa kimepungua kuuma. Moyo ndio sijui niseme nini. Nililia mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaomba kuhamishwa. Sadik, mama! Mimi ndiye niliyempakia ile pikipiki anisaidie kushika ndama.

Siku yenyewe haimo kichwani mwangu. Nakumbuka tukijiandaa kuondoka nyumbani, Sadik akiipiga pikipiki kiki iwake na kukutania kuhusu chai yako. Baada ya hapo ni mtutu wa bunduki na panga likishuka. Katikati ni kiza, na daktari anasema huenda isirudi kamwe. Basi siwezi kusema tulikuwa kwa Dukicha. Kama Karisa amesoma hivyo, na Karisa hakosei, Dukicha ametuuza. Mwambie Mjomba asimwachie hata mlango. Wamchome alimo. Natamani ningekuwa na nguvu nije niwashe mwenyewe.

Mkono wa kushoto bado. Panga lilikata mishipa na vidole havikunjiki. Muuguzi wetu, Sista Laila, amenipa zoezi, na usinicheke. Ni sanduku lililoachwa na baharia mmoja aliyelazwa hapa, ndani mna pikipiki ndogo ya plastiki ya kuunga mwenyewe. Haitaki brashi wala gundi, vipande vimetoka kiwandani na rangi zao: tangi jekundu, injini ya fedha, madigadi nyeupe. Unavinyofoa kimoja kimoja kwenye fremu yake, unavibana mpaka vilie "ta" na kushikana. Kipande kikinidondoka natukana, kisha nakumbuka nimefunga.

Mwanao,
Dawood


Idsowe, 10 Januari 1999

Mwanangu Dawood,

Marahaba. Nashukuru kusikia kichwa kinapoa. Mgongo wangu usiuulize, unajua shamba halijui msiba. Nimecheka kidogo, mara ya kwanza tangu maziko: mwanamume mwenye ndevu kucheza na pikipiki ya plastiki! Unga, baba, unga. Ukimaliza utanipakia unipeleke sokoni.

Barua yako Dhadho aliisoma mbele ya vijana. Alipofika pale pa kuchoma walipiga kelele hadi kuku wakatawanyika. Wazee waliokuwa wanasitasita wakaacha kupinga, kwa sababu aliyekatwa mwenyewe amesema. Dukicha alituma mtu na ng'ombe watatu, ati si malipo, ni rambirambi. Tuliwarudisha kwa mawe.

Mapanga yananolewa kwangu, maana jiwe la marehemu baba yako ndilo bora. Nawapikia futari wakimaliza. Dhadho nimempa shati la Sadik, lile la siku ile, sikulifua. Atalivaa wakienda. Usinione mkatili. Mimi nilimnyonyesha yule mtoto na sasa kila nikifumba macho naiona shingo yake. Nataka mama mwingine naye aone.

Wataenda siku ya pili ya Idi.

Mama yako,
Mwanasha


Mombasa, 14 Januari 1999

Mama,

Shikamoo, na unisamehe sikuulizi hali. Soma hii barua sasa hivi, kisha kimbia kwa Mjomba. Simu ya Garsen haishiki, nimejaribu tangu asubuhi. Barua nampa kondakta wa basi mkononi, ingawa anasema hajui msafara wa mabasi yanayolindwa na askari utaruhusiwa lini.

Dukicha anasema kweli.

Jana nilifika kwenye magurudumu ya ile pikipiki ya plastiki. Tairi zake ni za mpira, zina meno, na ubavuni mwa lile la nyuma kuna mshale mdogo kama punje ya ufuta, wa kuonyesha lizunguke upande gani. Sikuuona, nikalibana kinyume. Karatasi ya maelekezo ina picha ya tairi limewekwa hivyo hivyo, limepigwa msalaba mwekundu wa kosa. Nikakumbuka tairi letu. Nikamwomba Sista poda, nikaimwaga kwenye sinia na kuisukuma ile pikipiki juu yake. Yenyewe ilikwenda kuelekea mlangoni. Alama za meno zilielekeza dirishani.

Sasa kumbuka ile panchari, siku mbili kabla ya safari, uani kwako. Wewe ndiye uliyetuletea karai la maji tutafute tundu. Sadik ndiye aliyerudisha tairi. Lilipokwisha kukaa nikaona mshale unatazama nyuma, nikamwambia alivue. Akasema, "Wacha wewe, si inazunguka tu? Tutaigeuza siku ingine." Hatukuigeuza.

Mstari ule hauingii kwa Dukicha, unatoka. Ni sisi. Kuingia kwake huwa tunapita njia ya mifugo, na ng'ombe hufuta kila kitu. Kwa hiyo ni kweli alitupa maziwa akatusindikiza, na majambazi walipita na pikipiki kwenye mawe wakaenda zao. Karisa hakukosea kusoma. Alisoma tairi lililovalishwa kinyume.

Yale niliyoyaandika nayafuta. Wazuie, mama. Lala mlangoni wakupite juu.

Mwanao,
Dawood


Idsowe, 22 Januari 1999

Mwanangu Dawood,

Assalaam aleikum, na Idi njema. Vidole vinaendeleaje? Hatujapata barua yako tangu ile ya mwanzo. Basi halijafika huku wiki nzima, wanasema njia ni mbaya, lakini kesho litapita.

Imekwisha. Walikwenda alfajiri na petroli. Nyumba za nyasi zile hazikuchukua muda, moshi tuliuona toka shambani. Dukicha alitoka mikono juu, hana hata fimbo. Alikuwa akipiga kelele jina lako, ati, "Dawood! Muulizeni Dawood!" Dhadho akamwambia Dawood ameshajibu. Kisha wakamkata. Dhadho anasema hakufa haraka. Qabale, mkewe Dukicha, alijitupa juu yake, naye akaungua mikono akimburuta kutoka motoni. Mwanawe Adan alikimbilia msituni na jeraha la panga. Ng'ombe wote wamekuja upande huu.

Nilidhani ikishakwisha ningelala. Nilimpokea Dhadho mlangoni, shati la Sadik limelowa upya, nikashindwa kujua damu ipi ni ya mwanangu.

Pona urudi nyumbani.

Mama yako,
Mwanasha


Mombasa, 27 Januari 1999

Mama,

Shikamoo. Barua yako imenifika. Yangu je, haikukufika? Niambie haikufika. Sitaki kusikia kwamba uliipata mapema.

Alikuwa ananiita mimi, mama. Nami nilikuwa nimeshaandika achomwe.

Nijibu.

Dawood


Idsowe, 5 Februari 1999

Mwanangu Dawood,

Marahaba. Sitakuuliza hali, naijua.

Basi lililochukua barua yangu ya moshi ndilo lililoniletea yako ya tairi. Kondakta alinipa moja akapokea nyingine. Niliisoma nimesimama pale pale kituoni, na nilipofika kwenye karai nikarudia mstari ule. Nakumbuka, mwanangu. Nakumbuka hata alivyojipaka grisi shavuni na nikamfokea asiguse taulo langu.

Sikwenda kwa Dhadho kwanza. Nilivuka upande wao nikaenda kwa Qabale. Yuko chini ya turubai pale pale kwenye majivu, mikono imefungwa matambara, pamoja na mama mkwe wake Hawo. Aliponiona alinitemea mate, nikayaacha usoni. Nikamsomea barua yako. Akaniambia soma tena, Hawo asikie. Nikasoma tena. Hakulia. Akasema, "Mimi niliwapa maziwa mara mbili. Yule mdogo alitaka kuongezwa."

Nilipokwenda kwa Dhadho aliichana barua, na niliposema nitasema hata bila karatasi alinipiga kofi mbele ya vijana, mimi dada yake mkubwa. Anasema umepigwa kichwani, huna akili. Akikubali kwamba mstari ulikuwa wenu, basi yeye ni muuaji na ng'ombe ni wa wizi. Kwa hiyo Dukicha lazima abaki jambazi, na Adan jambazi mtoto wa jambazi. Wanamsaka kila siku. Juzi walichoma kichaka kizima wakidhani yumo ndani.

Wazee wa pande zote wanakaa Garsen wiki ijayo. Nimewaomba wanisikilize. Wakasema karatasi hakuna tena, na mama ni mama, neno lake pekee halitoshi. Wanataka kinywa cha aliyeiendesha hiyo pikipiki. Ukisema wewe, Adan atatoka msituni akiwa hai. Usiposema, watampata tu, ni suala la siku. Dhadho naye ameapa mbele ya watu kwamba ukifungua mdomo Garsen, atamalizia kazi waliyoibakisha majambazi. Ninamjua kaka yangu. Hasemi ovyo.

Kabla ya hii nilikuandikia barua nyingine nikikwambia usije, ukae huko huko, uoe huko, uzee huko, maana nimebakiwa na mtoto mmoja. Niliikunja vizuri. Kisha nikaitia jikoni, nikachemshia chai, nikapeleka chai kwa Qabale na kumnywesha, maana hawezi kushika kikombe.

Njoo, Dawood. Mimi niliyekuzaa ndiye ninayekwambia njoo. Panda basi la Jumatatu, ukae upande wa dereva. Mimi na Qabale tutakuwa tumesimama kituoni Garsen tangu asubuhi, na Dhadho akikutaka, itambidi atuanze sisi wawili.

Mama yako,
Mwanasha