Migomba ya Shangazi Tryphosa

Mpendwa Mshauri,

Naomba unisaidie, kwani nimehitimu kwa daraja la kwanza na bado sijui nitamtazamaje shangazi yangu usoni. Nilipokuwa nikiutafiti mnyauko wa migomba, niliunganisha modeli mbili za kompyuta, moja ya kukadiria jinsi bakteria wanavyoongezeka ndani ya mgomba, na nyingine ya kumfuata kila mkulima anapoazima panga la jirani na kuhamisha ugonjwa, nami nikajivunia sana muungano huo, kiasi kwamba mwenzangu Bravin aliponiuliza kama modeli zote zinahesabu muda kwa kipimo kimoja, nilimjibu kwamba ananionea wivu. Matokeo yalionyesha kuwa mashina matatu yaliyougua katika shamba la Shangazi Tryphosa, kule Nyamache, yangeambukiza kijiji kizima kabla ya masika kwisha, nikamsihi ang'oe migomba yote. Alinipa panga lake.

"Wewe ndiye umesoma, mwanangu. Anza wewe."

Nilianza. Mwezi uliopita nikagundua kwamba modeli ya kwanza ilihesabu kwa siku na ya pili kwa wiki, hivyo mapanga yote yaliyoazimwa katika wiki nzima niliyahesabu kana kwamba yameazimwa kwa siku moja, na ugonjwa ukaonekana kuenea kwa kasi mara saba. Kung'oa mashina yale matatu na kusafisha panga kungetosha. Shangazi sasa hununua ndizi sokoni, na Sabato iliyopita alisimama kanisani akamshukuru Mungu kwa ajili ya kompyuta yangu. Nimealikwa kuwasilisha utafiti huo mbele ya wataalamu. Panga lake bado liko chumbani kwangu. Nifanyeje?

Mwenye Majuto, Sironga

Mwenye Majuto,

Pole. Kukosea kipimo kunaweza kumpata yeyote. Kumwita Bravin mwenye wivu, hilo ulilichagua mwenyewe. Umenieleza modeli mbili kwa ufasaha, lakini husemi popote kwamba ulirudi shambani kuona kama ugonjwa ulikimbia jinsi kompyuta ilivyodai.

Usiwasilishe chochote kabla ya kurekebisha. Mwombe Bravin radhi, mkague hesabu pamoja, na jina lake liwemo katika kazi hiyo. Lakini kabla ya Bravin, nenda Nyamache, wala usingoje Sabato. Iache kompyuta nyumbani. Mwambie shangazi, kwa lugha yenu ya Ekegusii, kwamba ni mashina matatu tu yaliyostahili kung'olewa. Akikasirika, mwache akasirike. Akinyamaza, usiujaze ukimya wake kwa maelezo. Kisha mtafutie machipukizi ya migomba yasiyo na ugonjwa, na mashimo uyachimbe wewe.

Panga mrudishie mkononi. Alikukabidhi kwa kukuamini. Kama atakukabidhi tena, hilo ataamua yeye.