Nyongeza ya Kufua

Ijumaa, kabla ya saa sita mchana, nilipoteza jirani. Nilimpoteza kwenye karai la maji ya sabuni, nikiwa na furaha, nikidhani natenda wema.

Leo ni Jumapili. Manyunyu hayajakatika tangu jana, na baridi hii ya Julai imeingia hadi kwenye blanketi. Sikwenda kanisani. Sikutaka kukaa benchi moja na watu ambao tayari wameshasikia.

Wacha niandike ilivyokuwa, maana hapa mtaani Umoja habari ikitoka mferejini ikafika dukani haijulikani tena.

Mama Nafula na mimi tunatenganishwa na ukuta mmoja. Miaka minane. Watoto wake wamelala kwangu na wangu wamelala kwake, na sijui ni sahani ngapi za kwangu ziko kabatini mwake. Mumewe, fundi wa karakana ya reli, aliugua Jumatatu moja, akafariki Jumatano yake. Matanga yakawa pale nyumbani kila jioni mpaka siku ya kusafirisha mwili kwenda Bungoma. Watu wengi, viatu vya matope, sufuria kubwa za chai juu ya stovu inayotoa moshi. Walipoondoka kwenda kuzika, nyumba ilibaki kama stendi ya basi.

Kusafisha nyumba ndiyo kazi yangu. Mpangaji akihama, mwenye nyumba ananiita kabla hajaleta mwingine. Nilianza kwa kuuza maharagwe Eastleigh, debe na mkebe, nikaja nikafulia watu, nikafika hapa. Sikuachiwa kitu na mtu. Kila ndoo niliyo nayo niliinunua mwenyewe.

Jumatano iliyopita akaja Barasa, mdogo wake marehemu. Ni karani mjini, anakaa mtaa wa Tena. Alirudi kutoka mazishini mapema kwa sababu ya kazi, akiwa na ufunguo mkononi.

Nikamuuliza nyumba ina vyumba vingapi. Ninaijua, ni sawasawa na yangu, lakini huwa namwacha mteja aseme kwa kinywa chake. Atakachohesabu ndicho tulichopatana.

"Vitatu," akasema. "Na jiko, na choo."

Shilingi ishirini kila chumba, sitini. Jiko kumi na tano kwa sababu ya masizi. Choo kumi. Themanini na tano.

"Mama Ciru, hii ni nyumba ya msiba. Fanya hamsini."

"Mchango wa msiba nilitoa, Bwana Barasa. Jina langu lilisomwa ukiwepo. Hii sasa ni kazi."

"Hata kwa jirani?"

"Jirani ndiye atakayekusafishia mpaka pembeni."

Akacheka kidogo. Lakini hakuingiza mkono mfukoni.

Mimi bei sishushi. Nilijifunza hivyo sokoni. Ukishusha leo, kesho hiyo ndiyo bei yako. Unachofanya ni kuongeza. Mkebe umejaa, mteja bado ananuna, basi unachota konzi moja ya maharagwe unaimwaga juu mpaka nyingine zinadondoka. Mteja akiona zile zinazodondoka, anafungua kibeti. Nimefanya hivyo maisha yangu yote, na ndivyo nilivyofanya kwa Barasa.

"Nitakuongezea kufua," nikamwambia. "Nguo zozote nitakazokuta chafu, juu yangu."

Akatazama saa. "Haya. Nyumba yote basi. Shemeji anafika Ijumaa jioni, akute pasafi."

Nyumba yote. Hayo ndiyo maneno yake, sijaongeza wala sijapunguza.

Alhamisi nilifanya jiko na sebule. Dari la jiko lilikuwa jeusi, nikapanda juu ya meza na tambara lenye soda mpaka shingo ikakauka. Nta ya mishumaa niliikwangua sakafuni kwa kisu. Nikapiga deki mara mbili, nikapaka polishi nyekundu, nikasugua kwa magoti. Ijumaa asubuhi nikamaliza vyumba vya kulala, kisha nikatoka na nguo.

Shati lilikuwa limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha marehemu. La kaki, la kazini. Kola ilikuwa na mstari mweusi, kwapa zimekakamaa kwa jasho. Lilinuka grisi na tumbaku, na ile dawa ya kuchua ambayo alikuwa akijipaka kifuani. Nikasema moyoni, maskini, mjane asirudi akutane na uchafu huu.

Nikaliloweka. Kola nikaisugua kwa ndimu na chumvi mpaka mstari ukaondoka kabisa. Nikalisuuza mara tatu. Jua lilitoka kidogo, shati likakauka. Kifungo cha pili kilikuwa hakipo, nikatoa kimoja kwenye kopo langu, nikakishona. Nikapiga pasi ya makaa, nikalirudisha kwenye msumari wake.

Sijawahi kufua shati vizuri vile.

Wakafika jioni, Mama Nafula, watoto, na Barasa akibeba sanduku. Mama Nafula alinishika mikono yote miwili pale sebuleni. Alikuwa amekonda, kitambaa kichwani hakikufungwa vizuri. "Mama Ciru, Mungu akubariki. Kumbe bado nina nyumba." Akaenda chumbani. Mimi nikabaki nimesimama. Niseme ukweli, nilikuwa nasubiri kusifiwa tena.

Hakutoka. Nikaenda mpaka mlangoni.

Alikuwa ameketi kitandani, shati limemfunika uso. Alinusa mkono mmoja, akanusa wa pili, akageuza kwapa, akarudi kwenye kola. Alilinusa kila mahali, polepole, kama anayetafuta kitu alichokuwa nacho sasa hivi.

"Umelifua," akasema.

"Lilikuwa chafu, Mama Nafula, nikaona—"

"Nilimwambia Barasa chumba changu cha kulala kisiguswe."

Nikageuka. Barasa alikuwa nyuma yangu. "Siku zile mambo yalikuwa mengi," akasema, kisha akatoka nje ati kuangalia mizigo. Mizigo gani? Sanduku lilikuwa moja tu, na lilikuwa mkononi mwake.

"Nilikuwa nikilala nalo," Mama Nafula akaniambia. Hakupaza sauti. Afadhali angenitukana. "Sasa nenda nyumbani, mama."

Mama. Si Mama Ciru.

Jana mferejini niliwakuta wanawake wamepanga ndoo. Mama Akinyi, ambaye hajawahi kuona jambo likampita, akaanza: "Ati siku hizi matanga nayo yana bei? Chumba kwa chumba?"

"Yana," nikamjibu. "Na yako wewe ni mara mbili, kwa sababu ya mdomo."

Wakacheka, hata yeye. Nikajaza ndoo yangu nikaenda. Nilipofika mlangoni nilikuta nusu ya maji nimeyamwaga njiani.

Nimeshinda leo nikipiga hesabu hii. Mtu aliyeniambia vyumba vitatu amehesabu chumba cha kulala. Kama kilikatazwa, vilikuwa viwili, ningedai sitini na tano, na huenda hata tusingebishana. Alikubali themanini na tano bila kuniambia ruka hapa, acha pale, na Ijumaa mchana akazilipa zote, noti mkononi. Nimeigeuza huku na huku. Jibu ni lile lile. Kwa upande wa vyumba, sina deni na mtu.

Lakini kufua ni kwangu.

Hilo ndilo ninalodaiwa. Barasa aliomba nipunguze pesa, hakuomba niongeze kazi. Maharagwe ninayomwaga juu ya mkebe ni yangu, nimeyanunua, naweza kuyagawa nipendavyo. Shati halikuwa langu. Nilitoa nyongeza kutoka kwenye gunia la mtu mwingine, ili mimi nisishushe bei yangu.

Nilitoa gharama za sabuni, soda na polishi. Zikabaki shilingi sitini na mbili. Jana mchana nilizikunja kwenye karatasi nikapiga hodi kwake. Hakufungua. "Kazi ulifanya," akasema akiwa ndani. "Kaa nazo." Ziko hapa mezani. Sijui nizifanye nini. Karo ya Ciru inazingoja, na bado siwezi kuzigusa.

Halafu leo asubuhi Ciru akaniletea mengine. Ameambiwa na Nafula kwamba Alhamisi alfajiri wanapanda basi kurudi Bungoma. Si kwa likizo. Mama yake hawezi kulipa kodi peke yake, wakwe wamesema arudi nyumbani, na mwisho wa mwezi nyumba ina mpangaji mwingine. Yaani nina siku chache tu. Akiondoka hivi, ataondoka akijua kwamba jirani wa miaka minane aliambiwa asiingie akaingia. Hilo ndilo analoamini sasa. Nitakuwa mtu wa namna hiyo kwake mpaka afe.

Nikisema mimi kwamba sikuambiwa, ni maneno ya mwenye kujitetea. Anayeweza kulisema likasikika ni mmoja tu, na ananikimbia. Jana jioni nilitembea mpaka Tena, kwa Barasa. Mkewe akaniambia ametoka. Viatu vyake vya ofisini vilikuwa pale mlangoni, vinachuruzika maji.

Sitaki aje kunipoza. Sitaki pesa, wala sitaki aniombe msamaha mimi. Kama Mama Nafula hakumwambia kitu, basi amechanganyikiwa kwa uchungu, nami nitanyamaza niubebe mzigo wote na nisimsumbue tena. Kama alimwambia, basi mzigo ugawanywe panapostahili. Sehemu yangu naijua, na nitaipeleka mwenyewe kwa magoti. Ninachokataa ni kubeba ya Barasa pamoja na yangu, naye apite hapa Jumapili na tai shingoni.

Kesho nitamngoja anaposhukia basi akitoka kazini, mahali ambapo hawezi kusema ametoka. Nitamwambia haya haya, bila kuongeza neno:

Barasa, shemeji yako alikuambia chumba cha kulala kisiguswe, au hakukuambia? Usinieleze mambo yalivyokuwa mengi. Nataka ndiyo au hapana. Na usinijibu mimi. Mjibu yeye, mlangoni kwake, mimi nikiwa nimesimama hapo nikisikia. Nakupa mpaka Jumatano, saa kumi na mbili jioni.