Siku Niliyowaachia Ndege

Jumatatu, 5 Mei

Nimeamka saa kumi na moja. Chai ya rangi, kiporo cha muhogo. Kabla jua halijatoka niko juu ya dungu, kichanja changu cha kulindia shamba, debe mapajani. Ndege hawa, kweleakwelea, hawamngoji mtu amalize chai.

Mpunga umeanza kujaza maziwa. Wiki hizi ndizo zenyewe. Ukizembea asubuhi moja, unavuna makapi.

Kuamia ndege ni kazi ya kipumbavu kwa mtu aliyefundisha darasani miaka thelathini na mmoja. Piga debe, vuta kamba yenye makopo, piga kelele, kaa. Wakiondoka nasoma. Riwaya ya upelelezi, nimeinunua Morogoro kwa muuza vitabu vya mitumba. Mwenye duka la dawa ameuawa, washukiwa watano. Najipimia kurasa kumi kwa siku. Nataka muuaji ajulikane wiki ya kuvuna.

Shamba linalofuata ni la wifi Filomena, dada wa marehemu mume wangu. Kati yetu tuta moja tu. Redio yake inaimba tangu alfajiri na betri zake haziishi. Mimi nina pensheni, mpunga kwangu ni wa kujazia. Yeye hana kingine. Huu ndio chakula chake, ndio nguo, ndio dawa, mpaka msimu mwingine. Kwa hiyo angetakiwa kuzima redio na kulinda.

Jumatano, 7 Mei

Nimekwenda Ifakara kuchukua dawa za presha. Bodaboda kutoka Mofu mpaka barabarani, kisha basi. Wifi amebaki analinda kwangu. Ndivyo tunavyoishi huku shamba: anayebaki anaamia pande zote mbili. Haiombwi mara mbili.

Nimepita kwenye nyumba yangu ya Lipangalala, hapo hapo mjini. Mpangaji ameanika nguo kwenye waridi langu. Kijana wa duka la simu ameniita bibi. Kitabu nilikiacha dunguni makusudi, nisije nikazidisha kurasa njiani. Nimejuta. Wakati wa kurudi basi limepata pancha na mvua ikaanza. Saa moja na nusu nimetazama kisogo cha kondakta.

Nimefika nimelowa. Nimelala bila kula.

Alhamisi, 8 Mei

Kurasa hazipo.

Kitabu nimekikuta chembamba. Kuanzia ukurasa wa mia na themanini na tatu mpaka jalada la nyuma, hakuna kitu. Zimechanwa taratibu, vizuri, na mtu aliyetulia.

Nimevuka tuta. Wifi hata hakukana. Jana mvua ilimloweshea kuni, akataka kuwashia moto.

“Niliangalia kwanza ulipofika, wifi,” akasema. “Uliweka jani pale katikati. Nikaona nisikuharibie. Nikachukua za huko mwisho, ambako hujafika.”

Alikuwa anangoja nimshukuru.

Nikamwambia kitabu cha namna hii mwisho ndio kitabu chenyewe. Akashangaa. “Si kama Biblia? Mimi naifungua popote.”

Asiyejua maana haambiwi maana. Nimerudi kwangu.

Ijumaa, 9 Mei

Hasira.

Si karatasi tu. Harusini kwangu aliwaambia wageni wali wangu ni bokoboko. Mume wangu alipofariki, wifi alichukua koti lake la suti kabla sijamaliza kukaa matanga, akasema ni la kaka yake. Kila mwaka anahamishia jembe lake upande wangu wa tuta, ananimegea kidogo kidogo. Nimenyamaza miaka yote hiyo kwa sababu mimi ni mwalimu na yeye ni wifi.

Nitamlipa. Bado sijui kwa lipi.

Jumapili, 11 Mei

Sikwenda kigangoni. Ingefika saa ya kutakiana amani ningempa mkono, na mkono sitaki kumpa.

Nimebaki dunguni nasoma zilizosalia, zote kwa mpigo. Kujipimia kwa nini tena? Nimefika pale palipochanwa. Mpelelezi anafungua mlango wa stoo, taa mkononi. Anasema: “Nilijua ni wewe.”

Wewe nani? Nimekaa na ukurasa huo mpaka jua limegeuka. Mke wa marehemu? Karani? Yule daktari anayecheka sana? Nimemchukia Filomena kwa kila mshukiwa mara moja moja.

Jumanne, 13 Mei

Asubuhi wifi ametuma kuomba chumvi. Nimejibu sina. Ninayo nusu pakiti. Ni kisasi cha kitoto, hakijanishibisha.

Saa nne nikasikia vigelegele. Bintiye aliyeolewa Malinyi amejifungua, mtoto wa kike, mjukuu wa kwanza. Nusu saa baadaye wifi amesimama chini ya dungu langu amevaa kitenge kipya, ncha ya kamba yake ya makopo mkononi. Akaifunga kwenye nguzo yangu.

“Nakuachia, wifi. Ijumaa nimerudi. Wasinimalizie, unajua sina pengine.”

“Nenda tu,” nikamwambia. “Mbebe mjukuu, huku usiwe na wasiwasi.”

Nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, akapakika. Aliondoka anaimba.

Jumatano, 14 Mei

Nimelinda kote kuwili. Mkono wa kulia kamba yangu, wa kushoto kamba yake. Nimefanya kwa mazoea, hata sikufikiri. Jioni nikajikasirikia. Nafasi imekuja yenyewe na imejifunga kwenye nguzo yangu, na mimi naitumikia.

Alhamisi, 15 Mei

Leo nimefanya.

Walikuja saa kumi na mbili na nusu asubuhi kutoka upande wa mto. Wengi, sijawahi kuwaona hivyo msimu huu. Walipotua kwangu nikapiga debe. Wakainuka, wakatua kwake. Kamba ya kushoto sikuigusa.

Nikafungua kitabu ukurasa wa kwanza. Wakirudi kwangu, debe. Wakienda kwake, kitabu. Ndege wakiwa wengi hivyo unawasikia wanavyokula, mchakacho mdogo mdogo usiokoma. Moyo wangu ulikuwa mtamu. Nasema kweli, humu hasomi mtu. Nilikuwa na furaha niliyokuwa sijaipata tangu nistaafu.

Mzee Athumani mwenye shamba ng'ambo ya mfereji alipaza sauti. “Mwalimu! Upande wa Filomena!” Nikampungia mkono kama mtu aliyesalimiwa. Akaita tena. Nikapunga tena.

Jioni nimeshuka kutazama. Nilidhani watakuwa wamekula robo. Mashuke yamebaki mikia mitupu, na yaliyobaki na punje utayahesabu. Nilitaka robo tu.

Ijumaa, 16 Mei

Tangu alfajiri nimelinda kwake kuliko kwangu. Nimevuta kamba mpaka kiganja kimechubuka. Nimepiga kelele mpaka sauti imekauka. Nalinda mabua.

Amefika saa nane mchana. Akasimama kwenye tuta na mfuko wake. Akatazama kwake. Akatazama kwangu. Akatazama kwake tena, muda mrefu.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Kwamba sasa naye ameonja kitu kinachokatika kabla ya mwisho. Nilikuwa nimeyapanga vizuri kabisa. Yaliyotoka ni: “Walikuwa wengi, wifi.” Na sauti haikutoka, ni mkwaruzo tu.

Akaniangalia kooni. “Pole,” akasema. “Umepigana nao peke yako.”

Akanipa maandazi ya Malinyi. Nimeyala. Kisasi gani hiki? Mtu umempiga, naye anakupa pole ya mkono.

Jumapili, 18 Mei

Nimekwenda kigangoni, kukwepa kungeonekana vibaya. Wakati wa matangazo wifi akasimama. Akamshukuru Mungu kwa mjukuu. Kisha akasema:

“Na namshukuru wifi yangu, Mwalimu. Nilimwachia shamba. Alipiga debe mpaka sauti ikamtoka. Kama si yeye, ndege wangekula mpaka tope.”

Katekista akasema tumpigie makofi. Wakapiga. Nikainama kama mtu mnyenyekevu. Mstari wa nyuma kuna mtu alikohoa sana.

Ningekuwa na jiwe ningemtupia wifi.

Jumatano, 21 Mei

Amenisifu kwenye mashine ya kukoboa. Amenisifu kisimani. Mwenyekiti wa kitongoji amenisimamishia baiskeli: “Shikamoo, mlinzi wetu.” Mwanamke mmoja ameniomba Jumamosi nimlindie naye, anakwenda harusini. Wenzake wakacheka. Sikuona cha kuchekwa.

Angenitukana ningejibu. Majibu ninayo tangu harusini. Lakini anakuja jioni na mchicha, anakaa, ananiuliza koo linaendeleaje. Namchukia kuliko siku ile ya kurasa. Hata kisasi changu amekiharibu, kama kitabu changu. Amechukua sehemu yenye utamu.

Dawa ya presha nimekunywa mara mbili leo. Si vizuri.

Jumapili, 1 Juni

Kuvuna kumeanza. Wifi amemaliza lake kabla ya saa sita. Zamani lilimchukua siku nne na watu wa kusaidia. Ameyakwangua yaliyobaki kwa kisu kidogo, shuke moja moja. Kisha akavuka tuta, akaanza kukata kwangu. Nikamwambia apumzike. Akasema hajachoka, amechoka na nini?

Mchana majirani wakaja kusaidia. Wifi akajinyoosha, akawaonyesha kwa mundu.

“Tazameni mpunga wa wifi yangu ulivyosimama. Mpaka kwenye tuta. Hata shuke la pembeni halijadonolewa.”

Wakatazama. Na mimi nikatazama.

Kwangu, mpunga umesimama mpaka kwenye tuta. Baada ya tuta, mabua matupu. Umenyooka mstari huo, utadhani nimeuchora kwa chaki ubaoni.

Mzee Athumani alitazama miguu yake. Yule mwanamke wa harusi aliziba mdomo kwa khanga.

Miaka thelathini na mmoja nimefundisha watoto kufikiri. Ndege hawajui tuta. Kila mtu aliyepita njia hii tangu Mei alijua. Kigango kizima kilipiga makofi kikijua.

Jumatatu, 2 Juni

Sikutoka.

Jumanne, 10 Juni

Sijaandika. Wiki nzima mwili moto kwa aibu. Bado amenisifu, mara mbili, kwa wageni.

Leo nimemkuta anapepeta. Kirundo chake kinaenea kwenye ungo. Nikasimama mbele yake, nikasema bila kupanga:

“Siku ile sikuivuta kamba yako. Makusudi.”

Hakuacha kupepeta. “Najua.”

“Tangu lini?”

“Tangu niliposimama pale tutani na mfuko wangu. Ndege gani hao wanaosoma mpaka wa shamba, wifi? Uliwafundisha wewe?”

“Sasa mbona unanisifu?”

Akaweka ungo chini. “Ulitaka nikutukane. Nilikuona ulivyokuwa umejiandaa, mdomo umeshakaa tayari. Ningekutukana, ungenitukana, ungelala usingizi. Nikasema huyu namsifu mpaka anyooke.”

Akakitazama kirundo chake. Alipoongea tena hakuwa anacheka.

“Mwaka mzima, wifi. Mimi nitakula nini mwaka mzima? Kwa karatasi?”

Nilitaka kumwambia haikuwa karatasi. Wali, koti, tuta. Nikayaangalia hayo yote, na kile kirundo, nikaona haya kuyataja. Nilisema tu naomba unisamehe. Alichukua ungo akaendelea.

Nimeshindwa. Nasema wazi. Mimi nilitumia asubuhi moja na ndege. Yeye ametumia mwezi mzima, na maandazi. Na haki ilikuwa yake.

Alhamisi, 12 Juni

Asubuhi nimeita mkokoteni wa ng'ombe. Nimepakia nusu ya mavuno yangu, yale mazito ya upande wa tuta. Nimetembea nyuma ya mkokoteni mchana kweupe, kupita mashineni, kupita kigangoni. Watu wametazama. Niliacha watazame.

Wifi alikuwa uani anaparua perege. Hakuinuka. Akanionyesha kwa kidevu mahali pa kushusha, kavu, mbali na kuku. Tumeshusha. Mwenye ng'ombe akaondoka.

Nikasubiri aite majirani. Nikasubiri aseme jinsi wifi yake alivyo na moyo.

Hakusema asante. Hakumwita mtu. Alinisogezea kigoda na kisu cha pili, nikaparua samaki waliobaki. Alipika wali wa mpunga mpya, tukala sahani moja. Alipomaliza akasema chumvi imepungua. Nikasema ndiyo, imepungua.

Nimerudi kwa miguu. Njiani sikukutana na mtu.