Wali wa Nyuzi Nyekundu

Mama, shikamoo. Natumaini baridi ya Njombe imekuachia magoti. Huku Ifakara joto linanipika, ila nimenenepa.

Kazi yetu ni kutafuta vinasaba vinavyoufanya mpunga wa zamani wa bonde hili urefuke upesi mafuriko yakija, badala ya kuoza. Shambani kwa Mama Kalisto, katika kijiji cha Mbingu, tulikuwa tumefunga nyuzi nyekundu kwenye mafungu ya mashina yaliyoshinda maji, ili yakikomaa tuje kuchukua mbegu. Jana tumefika, mashina hayapo! Mama Kalisto huyo anacheka, anatukaribisha wali na kambale.

"Si mlijichagulia wenyewe kwa nyuzi zenu?" akasema. "Mgeni akichagua, sisi tunapika."

Mkuu wetu wa kazi akaweka kijiko chini, macho yamemtoka. Mimi wali ulikuwa mdomoni tayari, Mama, na unanukia mpaka uani. Ningefanyaje? Nikameza, nikaomba sahani ya pili, kama ulivyonilea.

Mwenyeji alipoona mkuu haendelei kula, akaingia jikoni, akashusha masuke yaliyoning'inia juu ya moto, kila fungu na uzi wake mwekundu.

"Mbegu nilitoa kwanza," akasema, amekunja uso. "Kwani kwenu mnapika kabla ya kutoa mbegu?"

Mkuu akala sahani tatu.

Nakuletea mchele wake kidogo, mfuko nimeufunga kwa uzi mwekundu. Huo usiuogope, Mama, wewe kula tu.

Mwanao akupendaye,
Tumaini