Paka Aliyekwenda Tanga

Kirongwe, 14 Aprili

Mama, shikamoo. Huku wazima, mjukuu wako Zubery ameota jino. Asiyejiweza ni Mama Mkubwa. Tangu uondoke baada ya Idd koo limemfunga. Nilimmulika kwa tochi ya simu: mna utando wa kijivu, kama ukoko wa uji. Nikataka kuubandua kwa kijiko, akanipiga mkono. Tunampeleka Kilindoni. Yule mtoto wa paka uliyemchukua kwake hajambo?

Mwanao, Shamsa

Tanga, 16 Aprili

Marahaba mwanangu. Dada yangu ana kimeo tu, msimtie woga. Mie pia koo lanikereketa, sauti imekuwa ya jogoo mzee. Ijumaa naenda kukatwa. Paka ana kidonda puani; namfuta kwa kanga, na usiku hulala shingoni pangu kama mume. Nibusie Zubery.

Mamako

Kilindoni, 17 Aprili

Mama, shikamoo. Nakupigia hupatikani. Usikatwe kimeo. Daktari Careen anasema hii ni ndugu wa dondakoo, hutoka kwa wanyama, hata paka, na huwaonea wazee kwani chanjo ya utotoni imeshachakaa au hawakuipata. Sumu yake hushuka mpaka moyoni. Hakungoja majibu ya kipimo. Kamwanzishia Mama Mkubwa antibaiotiki, na dawa ya kuzima sumu imekuja kwa ndege. Utando haubanduliwi, koo haliguswi na kisu. Sisi wa nyumbani tumepanguswa koo kwa pamba tupimwe, tumepewa vidonge, kesho chanjo. Mama Mkubwa leo kameza uji, akalalamika hauna sukari. Nikacheka mpaka nikalia. Nenda hospitali, mama, uwaambie habari ya paka.

Mwanao

Kilindoni, 19 Aprili

Mama, shikamoo. Ujumbe bado tiki moja. Najua simu yako huichaji mpaka ukumbushwe. Mama Mkubwa amekaa kitako. Nawe utapona, inshallah.

Mwanao

Tanga, 20 Aprili

Shamsa, salamu. Ni mimi kaka wa mamako, simu yake nimeiwasha leo. Kimeo alikatwa Ijumaa. Jana shingo ikavimba, tukamleta hospitali. Nimempa daktari asome maneno yako; kasoma, katoka mbio. Dawa inatafutwa. Mamako hawezi kusema. Nilipomwambia umeandika, alijigusa bega, pale pa sindano ya chanjo, kisha akashusha kiganja usawa wa mtoto mdogo; nadhani anamuulizia Zubery. Haniondolei macho. Nijibu, nimwambie nini.

Mjomba wako, Taufiki